Kijana Wetu Ameenda Jeshi la Wanamaji: Mazungumzo na Wazazi wa Bute

Tunaishukuru kamati kwa kutuita. Walipotuambia tuje kuzungumza tuliwauliza, "Sisi tutasema nini? Sisi si walimu." Wakatujibu, "Njooni mseme yaliyowapata." Basi tumekuja kusema yaliyotupata, sisi baba na mama wa kijana aliyetoka hapa Bute akaenda kuwa mwanamaji. Jina lake hatutalitaja, maana yuko kazini na hajatupa ruhusa. Lakini wengi wenu mnamjua. Mlimwona akichunga mbuzi hapa, na baadhi yenu mlimchapa alipoacha mbuzi hao waingie mahali wasipotakiwa.

Tumekubali kusema kwa sababu moja. Karibu kila mwaka tangazo la kuandikisha makurutu hutoka, na kila likitoka kuna nyumba hapa Bute ambamo mtoto anataka kwenda na mzazi hajui aseme nini. Sisi hatukujua. Tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulituumiza sisi na kulimwumiza yeye. Hilo ndilo tunalotaka mlisikie leo.

HABARI ILIVYOTUFIKIA

Mnakumbuka ule ukame uliotukamata kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2023. Misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya maana. Ng'ombe walikwisha, mbuzi wakabaki wa kuhesabu kwa vidole, hata ngamia wakaanza kuanguka. Kijana wetu alikuwa amemaliza kidato cha nne, amekaa nyumbani, hana karo ya kuendelea mbele na hana mifugo ya kuchunga. Jioni moja alitukuta tumekaa nje tunakunywa chai, akasema, "Nataka kwenda jeshi. Nikipata nafasi, nataka Jeshi la Wanamaji."

Jameni, mtoto wa Bute! Mtoto ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya silanga baada ya mvua, na laga inapofurika usiku mmoja na asubuhi ni mchanga mtupu. Tulidhani ni mchezo. Kumbe alikuwa amesoma tangazo, amepima urefu wake kwenye ukuta wa duka, na kila alfajiri alikuwa akikimbia barabara ya Buna kabla sisi hatujaamka.

Baba alisimama akatoka akaenda zizini. Mama akasema, "Tutaongea kesho." Kesho hiyo haikufika. Siku zikapita, kila mmoja akijua mwenzake anawaza nini, na hakuna aliyefungua mdomo. Siku ya kuandikisha ilipofika, kijana aliondoka mwenyewe. Hatukumkataza, lakini hatukumbariki pia. Alitoka mlangoni kama mtu anayekwenda dukani.

KWA NINI TULINYAMAZA

Wenye umri wetu mnaelewa. Kwa wazazi wa nchi nyingine, mtoto akisema anakwenda jeshi, pengine hofu ni ya risasi peke yake. Kwetu Kaskazini Mashariki kuna jambo lingine ambalo si rahisi kulisema mbele ya watoto.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 28 ya mwezi huo huo, hali ya hatari ikatangazwa katika mkoa wetu. Vita vya shifta vikapiganwa hadi 1967. Vita viliisha, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea kutubana hadi 1991. Hesabuni wenyewe: zaidi ya miaka 27. Sisi wawili tulizaliwa na kukua ndani ya miaka hiyo. Tulipokuwa watoto, mlio wa lori la askari ulitosha kutufanya tujifiche kichakani, hata kama lori lenyewe lilikuwa linapita tu.

Halafu ikaja Februari 1984. Watu wa jamii ya Degodia walikusanywa, wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakawekwa huko juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Wengi waliuawa. Serikali ya wakati ule ilitaja watu 57. Wenyeji wakasema ni mamia, na wengine wakasema ni maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisikiliza mashahidi na kuyaandika mambo hayo katika ripoti yake ya 2013. Mwezi Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha bungeni kwa niaba ya serikali kwa maovu ya zamani.

Wazazi, hatusemi haya ili kuchochea mtu. Tunasema kwa sababu hiki ndicho kilichokuwa kooni mwetu jioni ile ya chai. Kijana wetu aliona kazi, aliona bahari, aliona mshahara. Sisi tuliona nguo za jeshi, na nguo zile zilikuwa na kumbukumbu ambayo yeye hakuwa nayo. Hatukumwambia. Tulimwachia kimya, naye akakisoma kimya kile kwa njia yake. Alidhani tunamwona hafai. Alidhani tunalia kwa sababu ya mbuzi wachache ambao hatakuwepo kuwachunga.

BARUA NA MATAPELI

Kabla hatujaendelea, tuseme jambo moja la vitendo, maana vijana mko hapa.

Kuandikishwa jeshi ni bure. Idara ya Ulinzi hutangaza hivyo kila mara, na husema wazi kwamba anayetoa hongo na anayepokea wote watakamatwa. Hata hivyo, wakati wa kuandikisha ukikaribia, watu fulani hujitokeza. Sisi alitujia mmoja amevaa vizuri, anaongea taratibu, anasema ana mtu wake huko juu, ati nafasi zimebaki chache. Akataka pesa ambazo zingetulazimu kuuza ngamia wawili waliokuwa wamebaki. Na tungeuza! Mzazi aliyebanwa na ukame husikia anachotaka kusikia. Ni kijana mwenyewe aliyekataa. Akasema, "Nikiingia kwa hongo, siku ya kwanza tu nitakuwa mwizi."

Miaka iliyopita vijana wengi wamefika Eldoret na barua za kuitwa ambazo ni za uongo, wakakamatwa langoni. Wazazi wao walikuwa wameuza mashamba na mifugo. Kwa hiyo, mtu akikuuzia barua, jua amekuuzia karatasi na kesi.

Jambo la pili ni kitambulisho. Kwa miaka mingi vijana wa huku walipitia ukaguzi wa ziada ambao wenzao wa mikoa mingi hawakuujua, na wengine walikosa nafasi kwa sababu siku ya kuandikisha ilifika hawajakipata. Februari 2025, Rais William Ruto akiwa ziarani huku Kaskazini Mashariki alitia saini tangazo la kuondoa ukaguzi huo. Basi kijana akitimiza miaka 18 aende kuomba mara moja, asingoje tangazo la jeshi. Na vyeti vya shule vitunzwe mahali pakavu. Msicheke! Tunajua cheti kimoja kilicholiwa na mbuzi.

ELDORET: MIEZI YA KIMYA

Kijana wetu alipita. Alikimbia, akapimwa kifua, wakamtazama meno na nyayo, wakamchukua. Alirudi nyumbani na barua mkononi, na hata hapo tulisema "hongera" kama tunaomboleza.

Wengi hudhani anayechukuliwa Jeshi la Wanamaji huenda moja kwa moja Mombasa. Sivyo. Makurutu wote, wa nchi kavu, wa angani na wa majini, huanzia shule moja ya mafunzo huko Eldoret. Ni mahali pa baridi. Mtoto wa Bute aliyezoea joto letu huko huamka gizani na kukimbia kwenye umande. Mama alimfungia kopo la nyirinyiri na shuka nzito. Baba alimsindikiza mpaka kwenye gari, akampa nauli, akampa mkono. Hakusema kitu.

Kisha kimya. Wakati wa mafunzo kurutu hana simu mfukoni ya kupiga anapotaka. Wiki za kwanza hatukusikia hata sauti yake. Mvua kubwa iliyofuata ukame ikanyesha, barabara zikakatika, na sisi tumekaa tunatazama simu. Simu ikilia tunaruka wote wawili. Kumbe ni jirani anauliza punda wake.

Akina mama, tuseme ukweli. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama aliacha kupika chakula anachokipenda kijana yule. Usiku alikuwa anaamka kuhesabu watoto waliolala, na kila mara hesabu inapungua mmoja. Baba naye alikuwa mkali kwa watoto waliobaki, anawagombeza kwa mambo madogo. Wanaume wengi hulia hivyo, kwa ukali. Mtoto wetu mdogo wa kike ndiye aliyetuambia, "Nyinyi mmemkasirikia kaka, lakini mnatupiga sisi." Neno lile lilituchoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

MTONGWE

Baada ya Eldoret, alipiga simu. "Hooyo, nimemaliza. Sasa ninaenda Mtongwe."

Mama alikaa chini. Wazee mnajua kwa nini. Jina la Mtongwe sisi tulilijua kutoka redioni tu. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko kilizama pale Mtongwe, Mombasa, na watu 272 wakafa maji, wengi wao wafanyakazi waliokuwa wakienda kazini asubuhi. Hata huku kwetu ambako hatuna bahari, watu walikusanyika penye redio kusikiliza. Tangu siku hiyo, kwetu Mtongwe lilikuwa jina la kaburi. Leo mtoto anasema ndiko anakokwenda kukaa!

Ilibidi mtu aliyewahi kufanya kazi Mombasa atueleze. Mtongwe ni upande wa kusini wa kisiwa cha Mombasa, ng'ambo ya maji. Hapo ndipo kambi kuu ya Jeshi la Wanamaji ilipo. Jeshi lenyewe lilianzishwa Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru. Mwanamaji mpya hufundishwa kuogelea, kufunga kamba, kuzima moto melini, kutunza injini, kusoma ramani ya bahari. Si wote wanaoshika bunduki siku nzima. Kuna mafundi, wapishi, wauguzi, watu wa mawasiliano.

Tulijifunza jambo lingine pia, tukaona aibu kwamba hatukulijua. Tulikuwa tunasema, "Bahari inatuhusu nini sisi wa Bute?" Lakini wakati wa njaa tulikula mchele na mahindi ya msaada, na chakula kingi cha namna hiyo hupita bandari ya Mombasa. Mwezi Juni 2005, meli iitwayo MV Semlow ilitoka Mombasa imebeba tani 850 za mchele wa Shirika la Chakula Duniani kwenda kwa Wasomali walioathiriwa na tsunami. Maharamia waliiteka, na mabaharia wake wakashikiliwa kwa zaidi ya siku mia moja. Mchele wa watu wenye njaa! Kumbe bahari isipolindwa, hata sufuria ya mtu aliye mbali na pwani inaweza kukosa cha kutia ndani.

ALIPOKUJA LIKIZO

Sasa tufike penye kiini cha habari yetu.

Kijana alikuja likizo ya kwanza. Amekonda lakini amenyooka, anaamka kabla ya kila mtu, anakunja shuka lake kama karatasi. Majirani walikuja, tukachinja mbuzi. Watu walipoondoka usiku, tulibaki watatu. Baba akasema, "Kuna jambo tulipaswa kukuambia kabla hujaondoka."

Tukamwambia yote. Tulimwambia juu ya miaka ya hali ya hatari na juu ya kichaka tulichojificha. Wagalla pia tulimwambia. Tukamweleza kwamba tulinyamaza si kwa sababu hafai, bali kwa sababu tuliogopa mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba jeshi litamwumiza yeye, na kwamba siku moja ataagizwa kumwumiza mtu kama sisi.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mngeniambia mapema. Kule watu huniuliza kuhusu nyumbani, nami sina la kuwajibu. Mwingine aliwahi kuniambia neno baya kuhusu watu wa huku, nikakasirika bila kujua nakasirikia nini. Kama ningejua, ningemjibu kwa utulivu." Halafu akasema neno ambalo hatutalisahau: "Mimi sikwenda kuwasahau nyinyi. Nilikwenda ili siku lori likipita hapa, ndani yake awemo mtu anayejua majina yenu."

Ndugu zetu, tulilia. Hata baba, na safari hii hakukwenda zizini.

Tulikumbuka baadaye kwamba mtoto wetu hakuwa wa kwanza kutoka huku. Jenerali Mahamoud Mohamed, mtu wa Garissa, alikuwa Mkuu wa Majeshi yote ya Kenya kuanzia 1986 hadi 1996. Fikirini, sheria za hali ya hatari zilikuwa bado zinatubana, na mtoto wa mkoa huu huu ndiye aliyekuwa juu. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli pamoja. Nchi inaweza kukudhulumu, na bado ikawa nchi yako. Mtoto anastahili kuambiwa yote mawili. Ukimwambia dhuluma peke yake, ataondoka na chuki. Ukimwambia fahari peke yake, siku atakapojua mengine atasema ulimdanganya.

KAZI NI YA HATARI

Hatutaki mtu atoke hapa akisema tumepamba mambo. Kazi hii ina kifo ndani yake. Alfajiri ya tarehe 28 Septemba 2012 wanajeshi wa Kenya walishuka Kismayu kutoka baharini, na Jeshi la Wanamaji lilikuwa katika kazi hiyo. Januari 2016 kambi ya El Adde, ndani ya Somalia, ilishambuliwa na wanajeshi wetu wengi wakafa. Januari 2020 uwanja wa Manda, kaunti ya Lamu, karibu na kambi ya wanamaji, ulishambuliwa pia.

Na kwetu sisi kuna uchungu wa ziada. Wengine upande ule wa mpaka ni watu wa lugha yetu. Mtoto anaweza kujikuta mbele ya mtu anayemwita mjomba. Hatuna jibu rahisi la hilo. Tulimwambia kijana wetu maneno haya tu: mtu aliyeweka silaha chini si adui tena, mwanamke na mtoto si adui kamwe, na amri ya kumdhulumu asiye na hatia si amri. Alituambia kwamba sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012 nayo haimlazimishi askari kutii amri iliyo kinyume cha sheria. Tulifurahi kusikia, lakini tulimwambia hivyo tungemwambia hata kama sheria isingekuwepo.

Kuhusu habari za shambulio: siku hizi simu ndiyo adui wa usingizi wa mzazi. Picha huzunguka, majina hutajwa, mengine ya uongo. Siku moja mama alipokea picha, akakaa kutwa nzima bila kula, na baadaye ikajulikana ni picha ya zamani ya nchi nyingine. Tangu siku hiyo tumekata shauri. Hatusikilizi habari ya mtoto wetu kutoka kwa mtu asiyejua namba yake ya kazi.

TULIYOJIFUNZA

Tufupishe, maana chai iko tayari na tunainusa.

Kwanza, mtoto akisema anataka kwenda, kaa chini siku hiyo hiyo mzungumze. Usiseme kesho. Sema hofu yako kwa jina lake. Mtoto hawezi kujibu hofu asiyoambiwa.

Pili, mwache achague. Wapo wazazi wanaowakataza watoto kwa nguvu, na wapo wanaowasukuma kwa sababu ya mshahara. Wote wawili wamekosea. Mtoto aliyesukumwa akiumia, mzazi hatalala tena. Na msiseme ni mambo ya wavulana tu. Wanawake wako katika majeshi ya Kenya tangu 1972, na binti akisema anataka, naye asikilizwe.

Tatu, mpe baraka kwa mdomo. Si kwa nauli, si kwa nyirinyiri. Kwa mdomo. Yale maneno ambayo baba hakuyasema penye gari, kijana aliyasubiri miezi yote ya Eldoret. Alituambia mwenyewe.

Nne, mshahara si wa ukoo mzima. Hapa tulikosea tena. Mshahara wa kwanza ulipoingia, tulimtumia orodha: karo ya huyu, dawa ya yule, mchango wa arusi, mbuzi wa kufidia waliokufa. Akatuma kila kitu, akabaki mwenyewe anakopa kwa wenzake. Sasa tumekubaliana naye kiasi cha kila mwezi, na kinachobaki anaweka akiba. Ndugu wakija kuomba tunawaambia, "Mtoto ni wa wote, mfuko ni wake."

Tano, uliza juu ya mambo ya imani bila hofu. Tulikuwa na wasiwasi juu ya sala na chakula. Kumbe jeshi lina maimamu na makasisi. Kijana akiwa na msingi wa nyumbani, hana haja ya kuuficha.

Sita, mwachie nafasi yake nyumbani. Mkeka wake uko pale pale. Mbuzi wake mmoja tumemwacha na alama yake sikioni, na akizaa tunampigia simu kumwambia. Mambo madogo haya ndiyo kamba. Mwanamaji anajua kwamba meli isiyo na kamba bandarini huondoka na mawimbi.

TUSAIDIANE

Mwisho, mzazi asibaki peke yake. Sisi watu wa Wajir tunapaswa kulijua hili kuliko wengine. Mwaka 1993, koo zilipokuwa zinauana, walikuwa ni akina mama waliokutana, wakaanzia sokoni, wakaanza kuzungumza. Mmoja wao alikuwa marehemu Dekha Ibrahim Abdi, aliyepewa tuzo ya kimataifa mwaka 2007 kwa kazi hiyo ya amani. Walianza na maneno tu, kila mmoja akisema linalomwuma huku mwenzake akisikiliza. Kama maneno yaliweza kutuliza vita vya koo, je, hayawezi kutuliza nyumba moja?

Tunapendekeza wazazi wenye watoto jeshini, polisini, au walio mbali kwa kazi yoyote, tukutane mara moja kwa mwezi hapa hapa. Mwenye habari alete, asiye na habari asikae peke yake. Na mwenye mtoto anayefikiria kwenda, aje naye tuzungumze wote.

Kijana wetu yuko majini sasa. Wiki iliyopita alipiga simu usiku, akasema, "Sikilizeni." Akaishika simu nje. Tukasikia sauti kubwa, kama upepo katika mti mkavu, haikomi. Mama akauliza, "Ni nini hiyo?" Akajibu, "Ni bahari, Hooyo." Tulisikiliza mpaka muda wake wa simu ukaisha. Bado tunaogopa. Lakini sasa tunaogopa pamoja naye, na yeye anajua.



Maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Je, kuna jambo la zamani la familia yako ambalo watoto wako hawajui? Ni nini kinakuzuia kuwaambia?

2. Mtoto akiondoka kwenda kazi ya hatari, waliobaki nyumbani hubadilika vipi? Nani huwatazama?

3. Tunaweza kufanya nini hapa Bute ili matapeli wa barua za jeshi wasiwapate vijana wetu?

4. Familia ikubaliane nini kuhusu mshahara wa mtoto kabla haujafika?